Kabla Hujaisoma Insha Yako Makaburini

…basi habari ya sweta tuiache hapo, Chemutai, umeshinda. Beba moja. Nilikuwa bado nabishana nawe kichwani wakati pikapu ya Wekesa ilipotoka getini kukupeleka mjini kutafuta viatu, na sasa nyumba imenyamaza, mvua ya saa nane imeanza kupiga mabati, nami nimeketi mezani na kalamu yako ya bluu. Nina kama saa mbili kabla hamjarudi. Sitaandika juu ya soksi wala dawa ya meno wala namna ya kufunga sanduku. Hayo unayajua kunishinda.

Kesho Jumatatu basi la shule linawachukua hadi Nairobi, kisha Voi na Taveta, mkaone mahali wageni walipopigania nchi isiyokuwa yao kwa mikono ya watu wetu. Ijumaa mkimaliza linawarudisha moja kwa moja shuleni, bwenini, wala si hapa mtaani West Indies wala si kule kwetu kwa zamani Munyaka. Ndiyo maana naandika leo. Nikingoja likizo nitakuwa nimechelewa, kwa sababu Jumanne, mkiwa bado Nairobi, utasimama mbele ya ule ukuta wenye majina ya waliokufa vitani, mbele ya wanafunzi wa shule nyingine na walimu wao, usome ile insha yako iliyoshinda, "Babu Aliyembeba Rafiki Yake".

Mwanangu, hiyo insha si ya kweli. Wewe hukudanganya. Mimi ndiye niliyekudanganya, nawe ukaandika vizuri mno uongo wangu.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa unapiga pasi sare ukiimba. Mara ya pili ulikuwa unanisomea aya ya mwisho, ile ya mto, macho yakikung'aa, nikasema, "Ni tamu sana, mama," nikaenda jikoni kukoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Ya tatu nilianza kabisa. Nikasema, "Chemu, ile habari ya Babu…" Ukanikatiza, "Mum, usilie tena, utaniharibia!" Ulidhani nalia kwa fahari. Nikaacha udhani hivyo. Ndivyo mdomo wangu ulivyo, ukikaribia jambo gumu hugeuka njiani ukaanza kupamba. Kalamu angalau inaenda pole pole, naweza kuishika.

Unakumbuka hadithi ilivyoanza? Ulikuwa darasa la tano, tukikaa kile chumba kimoja nyuma ya kinu cha posho. Mwalimu aliwaambia mwandike juu ya mtu wa familia aliyeishi wakati wa ukoloni. Ukaitoa ile picha ya babu yangu, amesimama mbele ya ghala la ngano, amevaa kabuti la jeshi lenye vifungo vya shaba.

"Mum, huyu alikuwa soja?"

Nilikuwa nimetoka kufua nguo za watu tangu asubuhi. Mikono iliniuma. Nikakutazama, mtoto asiye na baba wa kuandika habari zake, unangoja na penseli. Nikasema, "Ndiyo. Alipigana Burma."

"Aliua mtu?"

"Hapana. Aliokoa mtu. Alimbeba rafiki yake mgongoni akavuka naye mto. Rafiki yake akamfia mgongoni."

"Aliitwa nani, huyo rafiki?"

Hapo ndipo ningeweza kutaja jina lolote. Nikasema, "Kimaiyo."

Sijui kwa nini lilinitoka hilo. Najua, kumbe, ninajua sana. Ni jina nililokuwa nimelificha miaka mingi, nikaona nafasi ya kulitoa nje likiwa limevaa vizuri.

Ulipata alama zote siku hiyo. Ukaanza kuipenda historia. Kila mwaka ulirudi kuniuliza zaidi, nami kila mwaka nikaongeza: mvua, matope, buti zilizooza, wimbo waliouimba. Niliona raha, Chemu. Kukuona umeegemeza kidevu mkononi ukinisikiliza, chakula kikiwa kidogo na hadithi ikiwa kubwa, niliona kama nimekulisha.

Sasa sikia ilivyokuwa. Nitaandika bila kupamba, na ukiona mahali pamepambwa ujue nimeteleza.

Babu yangu hakwenda vitani hata siku moja. Alikuwa nyapara kwenye shamba la Kaburu, upande wa Turbo, ngano mpaka macho yachoke. Wakati wa ile vita ya pili watu wa chifu walikuja wakataka vijana wanane kutoka shamba lile. Kaburu hakutaka kujisumbua. Alimwita Babu akamwambia alete majina. Babu aliandika saba, watu ambao wengine walitaka wenyewe kwenda. Wa nane alitakiwa kuwa mdogo wake, kwa sababu ndiye aliyebaki mwenye afya na umri. Badala yake alimtaja Kimaiyo, mchunga ng'ombe wa plau, mtoto wa kiume wa pekee wa mjane aliyekuwa akikaa mwisho wa shamba. Alimchagua kwa sababu moja tu. Mama yake hakuwa na mume wa kuja kugomba.

Soma hapo tena, ukitaka. Mimi nimekulea bila mume wa kugomba.

Kimaiyo alichukuliwa kwa lori hadi stesheni, akapanda treni, hakurudi. Wengine wanne walirudi wakamwambia Babu kwamba walimwona mara ya mwisho Burma, upande wa pili wa mto fulani, naye hakuyafikisha kwa mjane. Hakuna barua iliyokuja. Hakuna mtu wa serikali aliyefika kwa mjane yule kusema lolote. Na lile kabuti la kwenye picha Babu alipewa na Kaburu siku majina yalipokamilika, kama asante. Alilivaa kanisani miaka mingi, watu wakidhani ulivyodhani wewe.

Najuaje? Aliniambia mwenyewe. Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja likizo ya Agosti, naye alikuwa amelala, hawezi tena kutoka nje bila kushikwa. Akasema, "Wewe umesoma. Lete daftari."

Nikaleta.

"Andika kwamba mimi ndiye niliyemtaja."

"Ulimtaja nani, Babu? Kwa nani?"

"Andika tu. Utaelewa ukiwa unaandika."

Kurasa tatu. Alizungumza lugha yetu, nami nikaandika kama alivyosema, na alipofika kwa yule mjane aligeukia ukutani akaendelea kusema akiwa hanitazami. Alipomaliza akanituma niipeleke hiyo karatasi kwa Kogo Tapsubei, yule bibi aliyekuwa dada mdogo wa Kimaiyo, nimsomee neno kwa neno, kisha nirudi na jibu lake.

Nilikwenda, Chemu. Ujue kwamba nilikwenda. Nilitembea kilomita karibu sita na ile karatasi ndani ya blauzi. Kogo alikuwa anapepeta maharagwe uani. Akaniona getini akapiga kelele, "Kumbe ni mtoto wa nyapara! Ingia basi, mbona umesimama kama mwizi wa kuku?" Akanikalisha, akanimiminia maziwa ya mursik kikombe kizima, akaniuliza hali ya Babu. Nikasema hali yake si nzuri. Akaanza kumsifu. Alisema tangu Kimaiyo aondoke hakuna mavuno yaliyopita bila Babu kumletea mama yao gunia la mahindi, hata mwaka wa nzige. "Hakuna mtu mwema kama yule kwenye shamba lote," akasema. "Mwambie apone, bado tunamhitaji."

Nikaingiza mkono kwenye blauzi. Nikaishika ile karatasi. Na hapo akanionyesha mtoto mchanga aliyelala ndani, mjukuu wake, akanisimulia walivyompa jina juzi. Unajua wanawake wazee wanavyofanya, wanataja majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja mpaka mtoto apige chafya, na atakayetajwa wakati huo ndiye aliyerudi. Shangazi mmoja alitaka kumtaja Kimaiyo. Kogo alimnyamazisha.

"Nani ameniambia amekufa?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye huyo shangazi. "Nani? Hatujanyoa nywele za msiba kwa ajili yake. Mama alikufa hajanyoa. Watamwitaje kwenye majina ya marehemu, na mimi sijaambiwa?"

Nikamaliza mursik. Nikashukuru. Nikarudi nyumbani na karatasi yangu.

Babu alikuwa macho. "Amesema nini?"

Nikasema, "Amekusamehe. Amesema upumzike."

Alinishika mkono akalia kama mtoto. Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo, na kila mtu alisema ajabu, mzee amekuwa mpole, anaomba chai, anacheka. Karatasi niliichoma jikoni. Nilijiona mwema kabisa. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilidhani nimewapa wote wawili amani, kumbe nilichukua kitu cha mmoja na kitu cha mwingine nikavificha ndani yangu, na havikuwa vyangu.

Sasa utaelewa kwa nini tukiwa Munyaka tulikuwa tunazunguka njia ya nyuma kwenda kanisani, nawe ukinung'unika viatu vinajaa matope. Yule bibi anayeota jua kwenye benchi nje ya duka la mjukuu wake, mwenye kitambaa cha kijani, ambaye siku moja uliniuliza, "Mum, kwani huyu alikukosea nini, mbona humsalimii?" Ndiye Kogo Tapsubei. Mjukuu mwenye duka ndiye yule mtoto mchanga. Walihamia pale mwaka ule ulipoingia shule. Miaka yote hiyo alikuwa mita mia mbili kutoka mlangoni petu.

Nakujua. Hapa utakuwa umeikunja barua ukaangalia nje ya dirisha la basi. Ni haki yako. Mambo ya baba yako nilikupambia pia, nikasema anaendesha lori Sudan, ukaja kuambiwa ukweli na shangazi yako akiwa anamenya viazi, kama jambo dogo. Wiki nzima ulinijibu kwa "ndiyo" na "hapana". Wakati ule niliapa hutasikia tena jambo la nyumba yetu kwa mtu mwingine. Nilichelewa kutimiza, lakini ninatimiza.

Na usidhani ni kwa sababu nimekuwa mtu bora ghafla. Ni kwa sababu ya huyu mwanaume anayekutafutia viatu mvuani.

Acha nimseme kidogo, hata kama utageuza macho. Nina wiki sita za ndoa na bado nikisikia pikapu yake ikiingia moyo unaruka kama wa msichana. Juzi ulituambia, "Nyinyi mnachekacheka kama watoto wa kidato cha kwanza," na Wekesa akakujibu, "Hata hao wana maksi, sisi tumeanguka kabisa." Nilicheka mpaka nikashika ukuta! Ananiwekea maji ya kuoga kabla hajaenda kutengeneza vinu vyake vya posho. Anarudi na unga kwenye nyusi, nami namfuta kwa kanga yangu, na hicho kitendo kidogo cha kumfuta unga, Chemu, sikujua duniani kuna raha ya namna hiyo. Nina miaka arobaini na moja. Nilidhani mlango huo ulishafungwa.

Ndugu zangu walisema mambo kwa sababu ni Mbukusu, si wa kabila letu. Ndugu zake nao walisema kwa sababu nina mtoto mkubwa. Yeye alisema, "Waache waseme, mwisho watakula keki." Na kweli walikula, shangazi yako vipande vitatu.

Miezi miwili kabla ya harusi, kwenye mafunzo ya kanisa, mchungaji alituambia kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja ambalo hajawahi kumwambia mtu. Tukatoka tukitembea kuelekea mjini, nami nikamwambia haya yote, Babu, Kimaiyo, Kogo, karatasi, insha. Sikupamba. Nilisema kwa haraka kama mtu anayemeza dawa. Nilipomaliza tulikuwa tumefika daraja la mto Sosiani.

"Mimi nilidhani unataka kuniambia una mume mwingine," akasema.

Nikacheka na kulia pamoja. Kisha akauliza, "Huyo bibi bado yuko hai?"

"Yuko."

"Na Chemu anajua?"

"Hajui."

"Sasa unangoja nini, mama?"

"Naogopa."

"Sawa. Ogopa. Lakini tuoane upesi, ndipo uogope ukiwa na mtu."

Hakusema tena. Hajanisukuma hata siku moja. Lakini tangu siku ile aliponijua hivyo nilivyo na bado akanunua suti, nimegundua kitu. Miaka mingi watu wakinisifu, ati mama jasiri, ati mama wa peke yake amemlea binti vizuri, nilikuwa nasikia kama wanamsifu jirani. Sifa zilipita juu ya kichwa. Yeye akiniambia "nakupenda" linaingia ndani, kwa sababu hakuna kitu kingine huko ndani cha kugundua. Nataka na wewe unipende hivyo. Afadhali unikasirikie mimi mwenyewe kuliko kumpenda yule mwanamke niliyekuchorea.

Kwa hivyo hivi ndivyo nilivyoamua, na sitarudi nyuma. Jumamosi hii, wewe ukiwa umeshafika bwenini, nitakwenda Munyaka kwa njia ya mbele. Wekesa atanisindikiza hadi dukani, kisha atabaki na mjukuu akinunua sukari, mimi nitaketi kwenye benchi kando ya Kogo nimwambie yote. Kwamba Babu ndiye aliyemtaja kaka yake. Kwamba aliomba msamaha, na mimi ndiye niliyemjibu Babu kwa niaba yake bila ruhusa. Kwamba wale waliorudi kutoka Burma walimwambia Babu walichoona. Karatasi sina, lakini maneno ninayo, sijasahau hata moja, nitayasema kwa lugha yetu kama yalivyosemwa. Akinifukuza nitaondoka. Akinilaani nitasikia mpaka mwisho. Ana karibu miaka tisini, na kila asubuhi nikiamka nashukuru kwamba hajafa kabla sijamaliza kuwa mwoga.

Kuhusu insha yako sitakuamulia, na sitampigia mwalimu simu. Ni yako. Unaweza kumwambia mwalimu hutaisoma, bila kutoa sababu. Unaweza kuisoma na kusema ni hadithi ya kubuni, kwa maana uliiandika vizuri na huo uzuri ni wako. Unaweza kusimama ukasema jambo lingine kabisa. Chochote utakachofanya, usikifanye kwa kunilinda mimi. Najua tabia hiyo, nimeishi nayo, na watu uliowalinda ndio wanaoumia mwisho.

Nina ombi moja tu. Ukifika kwenye ule ukuta, mtafute Kimaiyo. Mwalimu wako aliniambia siku ya wazazi kwamba wengi wa watu wetu hawakuandikwa, na walioandikwa makarani waliandika walivyosikia, kwa hivyo usitafute upesi upesi. Pita na kidole. Kama lipo, liandike kwenye daftari herufi kwa herufi, hata kama limekosewa. Kama halipo, andika kwamba ulitafuta na halipo. Siyo kwa ajili ya hadithi yangu. Kuna nyumba ambayo haijanyoa nywele kwa zaidi ya miaka themanini kwa sababu hakuna mtu aliyekuja kuwaambia lolote, ndiyo wala hapana. Wataamua wenyewe kama watamlilia. Sisi tuwapelekee tulicho nacho.

Mvua imepungua. Barua nitaitia ndani ya faili ya insha, juu kabisa, maana utaifungua kabla hamjafika Nakuru, nakujua, lazima ujikumbushe aya ya mto. Samahani kwamba utaisoma ukiwa na wenzako wanaimba nyuma. Muda ambao haungekuumiza haukuwepo.

Huko shuleni hamruhusiwi simu, kwa hivyo sitajua umeichukuliaje, nawe hutajua Kogo alisema nini. Nitakaa na hilo. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu nitakuwa getini, siku ya wageni au isiwe siku ya wageni. Kama hutaki kuniona, mtume mtu aje aniambie, nami nitabaki nimekaa pale nje hadi wafunge, nirudi Jumapili inayofuata. Sitakuja na maneno matamu. Nitakuja na yale Kogo Tapsubei atakayokuwa ameniambia, yawe msamaha au matusi, nikuambie kama yalivyo, na wewe uniambie kuhusu ukuta. Nakuja, Chemutai. Kabla mwezi haujaisha nitakuwa nimefika.

Mama yako